Uthabiti wa usukani huanzia kwenye ekseli

Magari ya kale yanaposhindanishwa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi, watazamaji huvutiwa na rangi na taa. Ningewaomba wainame watazame ekseli ya mbele. Hapo ndipo lilipotatuliwa tatizo lililowatesa madereva wa kwanza: gari kuyumba njiani na kuwachosha mikono.

Magari mengi ya mwanzo yaliongozwa kwa wenzo tu. Gurudumu likigonga jiwe, wenzo uliruka. Mwaka 1894 dereva Alfred Vacheron aliingia mashindano ya magari ya Paris hadi Rouen na gari la Panhard lenye usukani wa mviringo. Dereva akapata pa kushika vizuri, lakini usukani peke yake haulinyooshi gari.

Kinacholinyoosha ni kuegemeza nyuma kidogo kingipini, yaani pini ambayo gurudumu la mbele huizunguka linapopinda. Itazame baiskeli: ukirefusha mstari wa uma wake hadi chini, unagusa barabara mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Tairi hubaki likiburutwa nyuma ya mstari huo, na kila likipinda, barabara hulirudisha. Ukirudi rivasi mambo hugeuka, tairi hutaka kupinda zaidi. Ndiyo maana usukani hushikwa imara.

Ford Model T, iliyotoka 1908, ni somo zuri. Springi yake ya mbele ni moja, imelala upande hadi upande, na haiwezi kuizuia ekseli isijizungushe. Kazi hiyo hufanywa na fimbo mbili zilizoungana kwa umbo la V, ncha yake ikiwa tufe la chuma ndani ya kikombe chini ya injini. Kikombe kikilika, ekseli hucheza, mwegemo wa kingipini hupotea, na gari hutangatanga ingawa hakuna kilichovunjika. Mwaka 1919 Ford walizihamisha fimbo hizo kutoka juu ya ekseli hadi chini yake, zikaishika kwa uthabiti zaidi. Gharama ndogo, faida kubwa.

Gia za usukani wa T zilipunguza mzunguko mara 4 tu, hivyo kila shimo lilifika mkononi. Magari mengine yalitumia gia zilizozuia mtikisiko huo, lakini dereva naye akakosa kuhisi tairi linapoanza kuteleza. Kwa barabara ya murram, mimi nachagua kuhisi.

Malori yenye ekseli nzima mbele yangali na kingipini, na fundi wa Kawangware anayezibadilisha anashughulika na jambo lile lile. Gari likitangatanga, wengi hukimbilia kukaza skrubu ya stelingi boksi, yaani kasha la gia za usukani. Mchezo hupungua, ndiyo, lakini ikikazwa kupita kiasi usukani hukwama na haurudi wenyewe baada ya kona. Inua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, tatizo ni beringi, ukibaki, ni kingipini au bushi zake. Kisha kagua springi na kabari iliyo kati yake na ekseli, kwani kabari ikigeuzwa mwegemo hupungua. Usiguse skrubu ile kabla hujamaliza hayo.