Mufano Murefu Katika Sala: Pasteri wa Westfield na Fundi wa Kamalondo



Mutu anayepita asubui katika njia za Kamalondo anasikia mashini za kushona zikilia chini ya baraza. Akisimama kidogo, ataona namna fundi anavyotumika. Mama ameleta kitenge. Fundi hashoni mara moja. Kwanza anapima, kisha anakata, kisha anashikanisha vipande kwa uzi wa mbali-mbali, anamwita mama ajaribu nguo, anaangalia pahali inapobana, anaifungua tena, na mwisho anaishona kabisa. Akiruka kazi moja, kosa litaonekana Siku ya Mungu mbele ya parokia nzima.

Ninaanza na fundi huyu ili tusome pamoja mashairi ya mutu wa mbali sana, pasteri wa Waprotestanti, aliyemwomba Mungu amutengeneze kama vile nguo inavyotengenezwa. Yeye hakuruka kazi hata moja. Seminari yetu inatayarisha watu watakaohubiri, na wengine watakaotunga sala na nyimbo kwa ajili ya wakristu. Kwa hiyo inafaa tujifunze kwake jambo hili: mufano katika sala sharti ufwatwe mpaka mwisho wake, tena sharti ujue mupaka wake.

Edward Taylor alizaliwa Uingereza karibu na mwaka wa 1642, kati ya wale walioitwa Wapuritani, ni kusema watu waliotaka kuondoa katika Kanisa la inchi yao kila kitu kilichoonekana kwao kuwa cha Roma. Mwaka wa 1668 alivuka bahari akaenda Marekani. Alisoma katika koleji ya Harvard, akamaliza mwaka wa 1671, kisha akatumwa Westfield, kijiji kidogo cha mupakani. Alikaa pale kama pasteri na munganga zaidi ya miaka 50, akafa mwaka wa 1729. Mashairi yake hakuyapeleka kwa mupiga-chapa. Yalilala katika maktaba ya Yale mpaka mwaka wa 1937, wakati mwalimu Thomas H. Johnson alipoyaonyesha kwa watu; kitabu kikatoka mwaka wa 1939. Basi, kwa miaka 200 sala hizi zilikuwa karibu na Musikilizaji mumoja tu.

Kati ya mashairi hayo kuna mafikiri zaidi ya 200 ambayo Taylor aliyaandika tangu mwaka wa 1682 mpaka 1725 ili kujitayarisha kwa Karamu ya Bwana. Sisi Wakatoliki tutashangaa kidogo. Watu hawa waliondoa sanamu katika makanisa yao, na tazama, sanamu zimerudi kwa mulango wa maneno! Tena kuna jambo lingine. Mwaka wa 1954 mwalimu Louis Martz alionyesha kwamba washairi wengi wa sala wa Uingereza wa wakati ule walifwata njia ya kufikiri iliyofanana na ile ya Mutakatifu Ignasi wa Loyola: kuweka jambo mbele ya macho, kulichungua kwa akili, na kumwambia Mungu neno kwa mapendo. Mwaka wa 1960, mashairi ya Taylor yalipochapwa upya, ni Martz aliyeandika maneno ya kwanza ya kitabu. Pasteri aliyeogopa Roma alitembea katika njia ambayo kila museminari anaijua tangu mafungo yake ya kwanza.

Sasa tufungue shairi lake linalojulikana zaidi, linaloitwa Huswifery, maana yake kazi za mwanamuke nyumbani. Ni fupi: beti 3, kila ubeti mistari 6. Katika ubeti wa kwanza, mushairi anamwomba Bwana amufanye gurudumu la kusokota uzi, gurudumu kamili lisilokosa kitu. Halafu anagawanya gurudumu sehemu kwa sehemu. Kijiti kinachoshika sufu ni Neno la Mungu. Vyombo vinavyozunguka upesi na kupindisha uzi ni mapendo ya moyo wake. Kijiti kinachopokea uzi ni roho yake. Chombo cha mwisho kinachokusanya uzi ni mwenendo wake kati ya watu. Katika ubeti wa pili uzi umekwisha kupatikana, na mushairi anaomba awe kitanda cha kufumia. Roho Mutakatifu atakunja uzi, na Bwana mwenyewe atafuma. Nguo itapigwa katika kinu ili ikazane, na kinu hicho ni mambo matakatifu yaliyoagizwa na Mungu kwa Kanisa. Kisha itatiwa rangi za mbinguni. Katika ubeti wa tatu nguo inavalishwa: akili, utashi, mapendo, zamiri, kumbukumbu, maneno na matendo, yote yapate kuvaa.

Walimu wa fasihi wanaita namna hii mufano murefu. Mufano mufupi unasemwa kwa neno moja na kuachwa. Mufano murefu mwandishi anaushika na kuendelea nao, na kila sehemu ya kitu kinachoonekana inajibu sehemu ya jambo la roho. Bwana wetu mwenyewe alifanya vile alipoeleza mupanzi na mbegu: njia, mawe, miiba, udongo mwema, kila pahali pana maana yake.

Lakini kwa nini nguo? Musomaji anayeona urembo tu hajasoma bado. Karibu na Westfield, katika muji wa Northampton, pasteri Solomon Stoddard alifundisha kwamba Karamu ya Bwana inaweza yenyewe kugeuza roho, kwa hiyo watu wenye mwenendo mwema waikaribie, hata wasipoweza kushuhudia kazi ya neema ndani yao. Taylor alikataa kwa nguvu. Mwaka wa 1694 alihubiri mafundisho marefu juu ya Mateo sura ya 22, juu ya yule mugeni aliyeingia karamuni bila nguo ya arusi, akafungwa mikono na miguu. Musomaji anayejua mabishano haya atasikia zaidi uzito wa nguo katika shairi. Kwa Taylor, swali la nguo lilikuwa swali la uzima na la kufa: ninakaribia meza, je, nimevaa nini? Wakristu wetu wanaosimama katika mustari wa Komunyo wana haki ya kujiuliza vile vile, na padri anayewatayarisha zaidi.

Sasa tutoe hukumu yetu. Uzuri wa kwanza wa shairi ni kwamba mufano umetoka katika kazi ya mikono. Pasteri aliona katika nyumba za kijiji chake wanawake wakisokota na kufuma, naye hakuona haya kuomba awe chombo mikononi mwa Mungu kama kile alichokiona mikononi mwa mwanamuke. Uzuri wa pili ni ufwatano. Kila kazi inaitayarisha ile inayofwata, na kwa hiyo sala nayo inaendelea. Mushairi hawezi kurudi nyuma, hawezi kuomba nguo kabla hajakubali gurudumu. Mufano umekuwa utii. Unamuongoza yeye aliyeuchagua.

Kuna pia pahali pagumu. Angalieni neno «mimi» katika shairi. Katika ubeti wa kwanza mimi ni gurudumu, katika wa pili ni kitanda cha kufumia, katika wa tatu ni mutu anayevaa. Mwenye kupenda ukali atasema: mushairi amebadili mufano mara mbili. Mimi ninaona kwamba alilazimishwa. Gurudumu na kitanda havina utashi, vinazungushwa tu. Imani ya Taylor, inayotoka kwa Calvin, inakubali sana picha hiyo, kwa kuwa inampa Mungu kazi yote. Lakini chombo hakiwezi kualikwa karamuni. Anayekaa mezani ni mutu, mwenye akili na utashi na kumbukumbu. Ndiyo sababu katika ubeti wa mwisho chombo kinatoweka na mutu anatokea. Mutaguso wa Trento, katika fundisho lake la mwaka wa 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulisema kwamba mutu aliyeamushwa na neema anaikubali na kufanya kazi pamoja nayo, hakai kama kitu kisicho na uzima. Sidai kwamba Taylor alikuwa Mukatoliki bila kujua. Ninasema tu kwamba mufano wake ulifika mupakani pake, naye kama mushairi mwaminifu aliuachilia.

Tupime sasa nyimbo na sala tunazozitunga sisi wenyewe. Kosa la kawaida ni kuruka. Katika ubeti mumoja Mungu ni mwamba, mustari unaofwata ni taa, kisha ni muto, kisha ni ngao. Kila neno ni la kweli na linatoka katika Maandiko, lakini hakuna hata moja linalopewa nafasi ya kufanya kazi, na mwimbaji anatoka kanisani bila kushika kitu. Mutu atanijibu: na Litania ya Bikira Maria je? Huyu anasema vizuri. Litania inapita toka sifa mpaka sifa, nayo ni sala nzuri sana. Lakini litania ni kama rozari: punje zinafwatana, na kinachoziunga ni lile jibu moja la watu wote. Wimbo usio na uzi wa namna hiyo ni vipande vya kitenge vilivyoachwa chini ya mashini.

Juu ya mupaka, sisi wa Katanga tuna fundisho letu wenyewe. Katika uzee wake Taylor aliandika mafikiri mengi juu ya Wimbo Ulio Bora, pahali mapendo ya bwana-arusi na bibi-arusi yanakuwa mufano wa Kristu na roho. Mufano huo huo ulipata makao kwetu. Karibu na mwaka wa 1953, katika kambi za wafanyakazi wa Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mufransisko, alianza pamoja na watu wa ndoa ile tunayoiita Jamaa. Mafundisho yao yalisimama juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Waliitana baba na mama. Mapendo ya mume na muke yalikuwa kwao mulango wa kufahamu mapendo ya Kristu, ya Bikira Maria na ya Kanisa. Hawakuandika mashairi, waliishi mufano murefu katika nyumba zao, na ndoa nyingi zilipata heshima mupya. Tusisahau mema hayo.

Lakini mufano unaoishiwa una hatari kuliko ule unaoandikwa. Kwa wengine picha ilianza kushika nafasi ya jambo lenyewe. Mafundisho yakawa ya siri, na mapendo ya namna ya ndoa yakatafutwa pahali pasipo na ndoa. Katika miaka ya 1970 maaskofu waliweka mipaka, na familia zilizokataa kuipokea zikatengwa na meza ya Bwana. Jambo hili lilikuwa chungu kwa watu waliokuwa wamependa sana. Mutume Paulo, aliposema juu ya mume na muke katika waraka kwa Waefeso, aliongeza upesi kwamba yeye anasema juu ya Kristu na Kanisa. Ndivyo alivyoonyesha mupaka.

Je, tuache mifano kwa kuogopa? Hapana. Tujaribu hapa hapa. Mababu wa inchi hii waliyeyusha mukuba, na Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka wa 1926, akiwaita kama walivyoitwa, «wala mukuba». Walichimba jiwe la majani-majani, wakalitia katika tanuru ya udongo wa kichuguu pamoja na makaa, wakavuta mivukuto, wakayeyusha tena mukuba ili usafishwe, kisha wakaumimina katika kifinyango chenye sura ya musalaba. Misalaba ile ilitumika kama feza, na hata kwa mahari. Padri Anschaire Lamoral, Mubenedikto, aliwapa watoto waimbaji wake jina la Musalaba wa Mukuba. Jina ni mwanzo mwema. Mushairi atauliza mengine: udongo wa tanuru ni nini? Moto wa kwanza na wa pili unatofautiana namna gani? Nani anavuta mivukuto? Kwa nini jiwe halikujua sura ya musalaba mbele ya kuyeyuka? Na musalaba huo umelipa mahari ya nani? Atakapofika pahali ambapo jiwe halina la kujibu, kwa sababu jiwe halisemi «ndiyo» wala «hapana», hapo mutu asimame mwenyewe na kusali.

Ndugu waseminari, mukipita Kamalondo, musimame kidogo mbele ya baraza la fundi. Muulize jina la kila chombo na kazi yake. Halafu mwende kanisani, mukaombe kwa kazi ile moja tu, toka kupima mpaka kuvaa, bila kuruka.