Mota ya Mwendo wa Pole

Msimu wa kaskazi, boti zikitoka Malindi kabla jua halijapanda, mvuvi aliyeshika rodi na rili inayolia hana wakati wa kutazama nyuzi zilizofunga pete za rodi yake. Sulisuli yuko upande wa pili wa mshipi, anaruka. Mimi huziwaza nyuzi hizo hata nikiwa nchi kavu. Kazi yangu ni kuzifunga, na zikiharibika, kuzifungua na kuzifunga upya.

Kila pete inayopitisha mshipi ina mguu wa chuma, na mguu huo hushikwa kwenye ufito kwa uzi wa nailoni, mzunguko kando ya mzunguko, kila mmoja ukimgusa mwenzake bila kumpanda. Ncha ya mwisho huvutwa kwa kitanzi ipite chini ya mizunguko iliyotangulia, pasionekane fundo. Ni kazi ya macho na pumzi. Halafu juu ya uzi hupakwa epoksi, kwa sababu maji ya chumvi hayasamehe. Yakipata tundu dogo kama tundu la sindano yataingia, mguu wa pete utaota kutu, na siku jodari mzito atakapovuta, pete itang'oka.

Epoksi haikauki kama rangi. Ni vimiminika viwili vinavyochanganywa sawa kwa sawa, vikashikana, vikatoa joto, vikawa kitu kimoja kigumu. Joto letu la pwani huiharakisha. Ukiiacha ndani ya kikombe kirefu hujipasha yenyewe na kuwa nzito kabla hujamaliza pete ya tatu, kwa hiyo mimi huimimina kwenye kisahani cha foili itandae na kupoa. Viputo vya hewa huviondoa kwa kupitisha mwali mdogo wa spiriti chini ya ufito. Hupasuka kimoja kimoja, na uzi ukaonekana kana kwamba uko ndani ya maji safi. Lakini hata hapo kuna saa kadhaa ambazo epoksi bado inatiririka. Ufito ukilala kimya, yote itashukia upande wa chini na kuning'inia kama asali kwenye kijiko. Lazima ufito uzunguke, kila upande upate zamu yake ya kuwa juu na ya kuwa chini.

Mzee aliyenifunza alizungusha kwa vidole. Aliulaza ufito juu ya mbao mbili zilizokatwa mfano wa herufi V, zikatandikwa kitambaa, akakaa hapo na redio yake ya taarab hadi usiku wa manane. Hakutazama saa. Alitazama mng'ao wa taa juu ya epoksi: mstari wa mwanga ukiwa umenyooka, kazi iko sawa, ukianza kupinda, epoksi imeanza kusafiri. Nimejaribu kuwafunza vijana wawili jambo hilo. Mmoja aliliona siku ya kwanza, na huyo ndiye niliyebaki naye.

Rodi zilipoanza kunijia sita kwa mara moja niliamua kutengeneza mashine. Mbao zilikuwepo. Kikombe cha kushikia kitako cha rodi nilikitoa kwenye kifuniko cha bomba la plastiki, nikakitoboa matundu matatu ya skrubu, kila skrubu ikavaa kipande cha mpira isikwaruze. Hayo yote yalikuwa kazi ya siku moja. Mota ilinichukua miezi.

Karibu kila mota utakayoikuta kwa mafundi wa jua kali ilizaliwa na haraka. Ya feni ya mezani hupita mizunguko 1,000 kwa dakika. Ya cherehani ina kasi zaidi ya hiyo. Niliifikiria mashine ya santuri, lakini mizunguko 33 na theluthi bado ni mingi, na nguvu yake ni ya kubeba sahani nyepesi tu. Mota ya waipa za gari ina nguvu nyingi, ila huenda mizunguko 40 hadi 60 na hutaka betri. Ya kuzungushia kuku wa kuchoma ingefaa kabisa, lakini wenye kuku hawauzi mota inayofanya kazi, na iliyokufa haina faida kwangu. Mkono wa dakika wa saa ya ukutani, kwa upande wake, huchukua saa nzima kumaliza duara moja. Nilichotaka kiko mahali fulani kati ya saa na feni, na mahali hapo pana vitu vichache kuliko nilivyodhani.

Niliipata kwa fundi wa vyombo vya umeme, chini ya maikrowevu iliyokufa.

"Kaka, hii kazi yake ni kuzungusha sahani tu," aliniambia.

"Ndiyo hiyo hiyo, fundi."

Akanipa bila kuuliza zaidi. Aliitoa kwa chini, kupitia kibati kidogo kilicho sakafuni mwa maikrowevu, na nasisitiza hilo kwa atakayejaribu: usifungue kasha lenyewe. Mle ndani mna kapasita inayoweza kushika kiasi cha volti 2,000 hata plagi ikiwa imechomolewa, na imeua watu.

Mota yenyewe ni kidude bapa cha upana wa sentimita 5 hivi. Kibandiko chake kinasema volti 220-240, mizunguko 5/6 kwa dakika, hezi 50/60. Ndani mna koili, sumaku ya duara, na gia ndogo zinazoupunguza mwendo wa sumaku hadi ufae. Sumaku hiyo hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Hapa kwetu umeme hupiga mara 50 kwa sekunde, basi mhimili huzunguka mara 5 kwa dakika. Ingekuwa Marekani, kwenye mapigo 60, mota ya aina hii ingezunguka mara 6. Naipenda mota hii kwa sababu hiyo. Haiongezi kasi kwa kuwa mzigo ni mwepesi wala haipunguzi kwa kuwa imechoka. Ama inakwenda mwendo wake, ama haiendi.

Usiku wa kwanza niliufunga ufito wa mshipi wa ratili 50, nikaenda kulala. Nilipoamka kuuangalia, ulikuwa unabembea. Pete zote za rodi ziko upande mmoja, na ule uzito wa upande mmoja mota haikuweza kuupandisha hadi juu. Mota ya aina hii haina kulia wala kushoto. Ikizuiwa hugeuka ikarudi ilikotoka. Ufito ulikuwa umekwenda na kurudi kama susu, na epoksi yote imelala tumboni. Niliikwangua kesho yake, nikakata uzi, nikaanza upya.

Dawa yake ilikuwa ndani ya sanduku la zana za kuvulia. Nilichukua chubwi, nikalifunga kwenye ufito mkabala na pete, nikalisogeza mbele na nyuma mpaka ufito ukakaa popote ninapouachia, bila kujiviringisha. Hapo mota ikauzungusha kana kwamba haubebi kitu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika saa saba ya usiku. Ukimya ndio ulioniamsha, maana mlio mdogo wa mota nimeuzoea. Mezani palikuwa na ufito wa ratili 80, umepakwa tangu saa tatu. Nilizima swichi, nikaegemeza tochi ukutani mwanga uangukie pete ya kwanza, nikaushika ufito kwa vidole viwili. Sekunde 12 kwa duara moja. Baada ya muda sikuhesabu tena. Nilitazama ule mstari wa mwanga, ukawa umenyooka. Adhana ya alfajiri ilipopanda nililigusa kwa ukucha tone lililobaki kwenye foili. Halikunata.