Sifa za Jiwe Lisilo na Uzito

Ufundi wa kutengeneza tekscha za mawe, yaani taswira za kidijitali zinazovishwa umbo tupu ndani ya kompyuta ili lionekane limechongwa kwa itale au marumaru, huhesabiwa na wengi kuwa kazi ya kunakili rangi. Hesabu hiyo inaupunja ufundi huo, kwa sababu jicho la mwanadamu, lililozoea mawe tangu utotoni, halikagui rangi peke yake. Hukagua pia, bila mwenyewe kutambua, iwapo kila doa na kila ufa una sababu ya kuwa pale ulipo. Fundi anayefaulu, basi, ni yule aliyejifunza jinsi jiwe lilivyozaliwa na yaliyolipata baadaye, kisha akayapanga matukio hayo upya kwa mfuatano wake.

Mawe ya Bambu, katika teritwari ya Djugu kaskazini mwa Bunia, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yanatosha kuwa kipimo cha ufundi huo. Eneo hilo limo katika ukanda wa Kilo, uliojulikana duniani kwa migodi ya Kilo-Moto baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1903, na miamba yake ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Sehemu ya miamba hiyo ilikuwa lava iliyoganda, kisha ikabadilishwa na joto na mgandamizo hata ikawa na rangi ya kijani; kando yake ikapenya miamba ya itale iliyopoa polepole chini ya ardhi; na katika nyufa yakapita maji ya moto yaliyoacha mishipa ya kwatsi, madini meupe na magumu ambayo mara nyingi huambatana na dhahabu. Mwishowe mvua na hewa vikakishika chuma kilichomo, na uso wa mwamba ukawa mwekundu kwa kutu.

Nyenzo ya msingi ya kuiga historia ndefu namna hiyo ilitokana na kazi ya Ken Perlin, Mmarekani aliyeshiriki kutengeneza picha za filamu ya Tron ya mwaka 1982, na ambaye hakuridhika na usafi wa kimashine wa picha za kompyuta za wakati huo. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1985 alieleza kanuni ya kihesabu inayozalisha nasibu laini, yaani mabadiliko yasiyotabirika lakini yasiyoruka ghafla kutoka nukta moja hadi nyingine. Tabaka za nasibu hiyo hurundikwa, kila moja ikiwa na michoro midogo na hafifu kuliko iliyotangulia, mpaka mistari iliyonyooka ipinde na kuchanganyika kama mishipa ya marumaru. Zaidi ya hayo, kanuni hiyo hufanya kazi katika vipimo vitatu, kwa hiyo umbo likikatwa popote, mshipa unaoonekana upande mmoja huendelea upande wa pili, jambo ambalo picha iliyobandikwa juu juu hailiwezi.

Hata hivyo, kanuni haimwambii fundi nini kitangulie. Katika itale, fuwele nyingi za feldispa na za ulanga hujiunda mapema, nayo kwatsi hujaza nafasi zilizobaki. Kwa hiyo chembe za kwatsi hazina budi kufuata mipaka ya fuwele zilizotangulia. Mshipa uliokuja baadaye hukata chembe zote bila kuchagua, na kutu, iliyokuja mwisho kabisa, hufuata nyufa ambamo maji yanapenya. Fundi akiipaka kutu kabla ya kuchora ufa, rangi zaweza kuwa sahihi zote na jiwe likabaki la uongo.

Yapo mashaka kwamba kamera imekwisha kuifanya kazi hii isiwe na haja. Picha halisi ni msaada mkubwa, lakini hubeba kivuli cha jua la saa ilipopigwa, na ikirudiwa juu ya ukuta mpana, doa moja linalojitokeza kila baada ya hatua chache huumbua udanganyifu wote. Isitoshe, jiwe likiloa huwa jeusi zaidi na hung'aa, na kwatsi hupitisha mwanga kidogo ndani yake. Mambo hayo hayamo katika picha moja, bali katika ufahamu wa anayeitumia.

Kwa zaidi ya karne moja mwamba wa Bambu umethaminiwa kwa kile kinachopatikana baada ya kuusaga, huku mabaki yakitupwa. Mtengenezaji wa tekscha huanza pale msagaji anapomalizia: kijani, kutu na mshipa usio na dhahabu ndivyo anavyovihitaji, wala hawezi kuviiga bila kuvielewa. Ndiyo maana ufundi huu, ujapoitwa wa kuigiza, unastahili kuhesabiwa miongoni mwa njia za kuujua ukweli.