Kinyago Kinapovuliwa: Kutoka Jukwaa la Gay Sweatshop hadi Wimbo wa Tom Robinson

Wahakiki wanapolinganisha tamthilia na nyimbo, aghalabu hutafuta maudhui yanayofanana. Kuhusu maisha ya wapenzi wa jinsia moja nchini Uingereza katika miaka ya 1970, njia hiyo haitufikishi mbali. Dhuluma ya polisi, uzushi wa magazeti na vipigo vya mitaani vilikuwa mali ya wote. Mwangwi ninaokusudia kuuonyesha umo katika fani, hususan katika nafsineni.

Katika Mister X, tamthilia ya kundi la Gay Sweatshop iliyozunguka nchini humo kuanzia mwaka 1975, tunamfuata mtu asiye na jina aliyefunzwa kujichukia. Mwishoni mwigizaji anamwacha mhusika na kutaja jina lake mwenyewe na mahali anapoishi. Sheria ya 1967 iliwaruhusu wanaume waliotimu miaka 21 katika England na Wales kuwa na mahusiano hayo, lakini faraghani tu. Kutaja makao mbele ya hadhira, basi, kulikuwa kuitoa chumbani kauli ambayo sheria ilitaka ibaki humo. Brecht alivunja ulaghai wa jukwaa ili mtazamaji afikiri. Hapa mwigizaji anauvunja na kubeba gharama yake mpaka nyumbani.

“Glad to Be Gay” wa Tom Robinson ulitungwa kwa ajili ya maandamano ya London ya 1976, ukatolewa kwenye sahani mwaka 1978. Sahani hiyo ilifika nafasi ya 18, ingawa kipindi cha nyimbo bora cha BBC Radio 1 kiliukwepa wimbo huu. Wapo wasiokubali kuuita panki, kwani mwendo wake ni wa kabareti. Kwa upande wa ala wana haki. Upanki wake umo katika hasira. Beti zinasimulia mateso, kiitikio kinaalika furaha, na kinaya kinazaliwa hapo. (Mfasiri wa Kiswahili ana kazi: neno la Kiingereza lilimaanisha uchangamfu kabla ya kumaanisha mtu, na “shoga” letu bado ni wito wa upendo baina ya wanawake wa pwani.)

Je, kiitikio ni ungamo lile lile la jukwaani? Kwa kiasi tu. Anayeimba katikati ya umati hataji makao yake. Sauti zimeongezeka, gharama imepungua. Udhaifu huo unafidiwa na ubeti wa mwisho, unaomgeukia anayejificha na kudanganya kazini na nyumbani. Baada yake kiitikio hakiimbiki tena kwa wepesi.

Robinson aliendelea kubadili beti kadiri hali ilivyobadilika, UKIMWI ukiwamo. Na magazeti yalipomsimanga kwa kuishi na mwanamke, katika toleo la 1996 aliongeza ubeti unaokataa kufungwa na jina lolote, hata lile ambalo hadhira yake ilikwisha kumpa.