Sukari, Ndimu na Uzi Mweusi

Katika nyumba nyingi za pwani ndimu haiishii kwenye samaki. Nusu hukamuliwa mchuzini, nusu hufunikwa kibakulini ingoje hina. Sukari ya chai hupikiwa udi. Machicha ya nazi, tui likishatoka, husugua mwili kabla hayajamwagiwa kuku. Uzi wa kushonea hunyoosha nywele. Jivu la jikoni huvipa vidole mshiko, vinyweleo vya kwapani visiteleze wakati wa kung'olewa, na kigae cha chungu kilichovunjika husugua visigino mpaka vikang'aa. Hakuna kimoja kati ya hivi kilichonunuliwa kwa ajili ya urembo. Vyote vilikuwamo ndani, kila kimoja na kazi yake, mpaka alipotokea mtu akavitazama mara ya pili.

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia sifa. Hana duka wala kibao mlangoni. Mtaani anajulikana kama somo, au shangazi wa fulani, au yule bibi wa nyumba ya pili kutoka msikitini, na harusi ikikaribia watoto hutumwa kumwita. Tumezoea kumtaja kwa huruma, kana kwamba anashika sukari kwa sababu hana pesa ya kununua cha dukani. Nimekaa karibu na wanawake wa namna hii tangu utotoni, na naona tunawapunja. Wanachokijua ni tabia ya vitu: kipi kinanata, kipi kinakwaruza, kipi kinatoa rangi na kwa muda gani, kipi kinabeba harufu na kipi kinaiua. Ujuzi huo haupatikani kwa kukosa pesa.

Tuchukue hina. Majani huanikwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa chepesi, mara nyingi kipande cha mtandio uliochakaa, mpaka unga usisikike kati ya vidole viwili. Punje moja kubwa ikibaki huziba ncha ya koni na kuharibu ua zima. Kisha yanakuja maji ya kuchanganyia, na hapo kila nyumba ina yake: ndimu, ukwaju, au chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Rangi ya hina, ambayo wanakemia huiita lawsoni, imefungwa ndani ya jani. Uchachu huifungua polepole, ndiyo maana rojo hufunikwa likalazwa saa kadhaa au usiku kucha kabla halijaguswa. Shangazi yangu hakuwahi kusikia habari za lawsoni. Alifunua bakuli, akatazama kama uso wa rojo umegeuka kahawia huku ndani bado ni kijani, akasema, "Imeiva, leteni mikono."

Sukari nayo ina zamu yake. Kijiko kimoja ndani ya rojo hulifanya livutike, mstari utoke mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Likishakaa mkononi na kuanza kukauka, hupigwapigwa kwa pamba iliyochovywa maji ya ndimu na sukari ili lisipasuke, kwa sababu hina iliyobanduka mapema haifanyi tena kazi. Zamani mchoro ulitoka kwenye njiti ya kiberiti au njukuti iliyochongwa. Siku hizi ni koni ya nailoni iliyotobolewa kwa pini. Asubuhi rojo hukwanguliwa kwa kisu butu, bila maji, na mkono hupakwa mafuta ya nazi. Rangi inayoonekana wakati huo ni ya chungwa, na mwali asiyejua hudhani ameharibiwa. Huambiwa asubiri. Hewa itaikoleza siku ya kwanza na ya pili, na kwenye viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene, itafika kwenye wekundu unaokaribia weusi. Kwa hiyo mpakaji anayeijua kazi hupiga hesabu kuanzia siku ya harusi akirudi nyuma, naye hakubali kuharakishwa na mtu, hata awe mama mzaa bwana harusi. Bi Kidude, ambaye dunia ilimjua kwa taarabu na unyago hadi alipofariki Aprili 2013, alikuwa pia akiwapaka hina maharusi Unguja. Natamani mikono ile nayo ingerekodiwa kwa uangalifu kama ilivyorekodiwa sauti.

Uzi mweusi wa pamba, pwani na bara, umefanya kazi ambayo leo tunadhani ni ya umeme. Nywele huoshwa, huchanwa zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, hugawanywa mafungu, na kila fungu huzungushiwa uzi kuanzia shinani hadi nchani. Msichana hulala nazo. Nywele zilizokauka zikiwa zimevutwa hubaki zimenyooka mpaka maji yazifikie tena. Mashine ya kukaushia saluni inafanya jambo hilohilo, ila uzi hauunguzi. Ufundi uko kwenye kukaza. Ukilegeza, uzi huvuka usiku na asubuhi nywele zimerudi zilikokuwa. Ukikaza mno kwenye paji la uso, ngozi hutoka vipele na nywele za pembeni huanza kukatika, na mwenye kichwa hulala macho juu. Nigeria, mpiga picha J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kupiga picha za mitindo ya nywele, akaendelea kwa miaka mingi. Katika picha hizo kuna nywele za uzi zilizosimama wima, zikapinda, zikaungana tena juu. Ni uzi wa kawaida tu, na vidole.

Lakini kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya kumwonyesha mgeni, ningempeleka kwenye sufuria ya udi.

Udi wa kuchanganya nyumbani huanza na sufuria kuukuu, ambayo haitarudi tena kwenye wali. Sukari huwekwa kavu juu ya moto mdogo. Kuanzia nyuzi 160 hivi za joto inayeyuka, inakuwa njano, inakuwa na rangi ya asali, inaingia kwenye hudhurungi, na kutoka hapo hadi kuungua ni muda mfupi sana. Ndani ya muda huo mfupi ndipo pana kazi yote. Ikitolewa mapema, udi utakaochomwa utanuka peremende. Ikicheleweshwa, moshi utakuwa mchungu na utakaa kwenye nguo kwa ubaya. Mpishi hakodolei macho rangi peke yake. Anasikiliza pia, kwa sababu povu lina sauti na sauti hiyo hubadilika. Vipande vya udi na liwa huingia hapo, hukorogwa kwa mwiko mpaka kila kimoja kivae sukari. Sufuria hutolewa motoni. Mafuta mazuri, ambari, miski, marashi, huja mwisho kabisa, joto likishapungua, maana yakiwekwa mapema harufu yote huishia darini na jirani ndiye anayefaidi. Mchanganyiko humwagwa kwenye sinia, huvunjwavunjwa kabla haujawa jiwe, hufungiwa mkebeni ukakaa. Udi wa leo si mzuri. Wa baada ya wiki kadhaa ndio wa kumpa mtu.

Kwa nini sukari? Kwa sababu inashika. Mafuta yakidondoshwa juu ya kaa la moto peke yake huruka yakaisha kwa pumzi moja. Yakiwa yamefungwa ndani ya sukari iliyoungua kiasi na kipande cha mti, hutoka kidogo kidogo, na chetezo kimoja kinatosha kufukiza kanga zilizotandazwa juu ya tenga, nywele zilizooshwa na chumba kizima. Watengenezaji wakubwa wa manukato hutumia mali nyingi kutafuta namna ya kuichelewesha harufu isiondoke upesi. Mwanamke wa Lamu au wa Ng'ambo ya Unguja alilipata jibu lake kwenye kopo la sukari.

Hapo ndipo ninapopingana na wale wanaosema urembo wa nyumbani ni mtoto wa shida. Upo ulio hivyo, na una heshima yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hariri na nailoni zilipochukuliwa kwa ajili ya miavuli ya askari na mahitaji mengine ya vita, wanawake wa Uingereza walipaka miguu yao unga wa kutia rangi mchuzi, au chai, ionekane imevaa soksi, kisha rafiki akawachorea nyuma ya mguu mstari wa mshono kwa penseli ya nyusi. Midomo ilipakwa maji ya kiazi chekundu. Kulihitaji mkono usiotetemeka kuuchora mstari ule kutoka kisigino hadi juu ya goti, na ninawavulia kofia. Lakini vita vilipokwisha na soksi zikarudi madukani, unga wa mchuzi ulirudi jikoni. Kwetu maduka yamejaa. Binti wa tajiri ambaye angeweza kuagiza chochote kutoka Dubai bado husuguliwa singo kabla ya harusi yake: maua ya asumini na mlangilangi, waridi, mrehani, karafuu, liwa, vyote vimetwangwa kwenye kinu na kulowekwa kwa marashi. Kinu ni kilekile kilichotwanga kitunguu thaumu juzi, kimeoshwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Familia yake haikwami popote. Imechagua.

Ufundi wa kweli una mpaka, na somo anayejiheshimu anaujua kuliko yeyote. Ndimu ile inayofungua hina haipakwi usoni kisha mtu akatoka kwenda juani, kwa sababu maji yake yakikutana na jua kali huunguza ngozi, na malengelenge yakipona huacha mabaka meusi kwa wiki nyingi. Karafuu huingia singo kwa kiasi: mafuta yake ndiyo hayohayo yanayotia ganzi jino, na ngozi laini huyasikia. Na piko, ule weusi wa kuchorea unaopendwa kwa sababu unakolea mara moja, ni rangi ya nywele. Wengi hupakwa wasidhurike, lakini ndani yake mna kemikali ya PPD, na mwili ukiikataa mchoro huvimba, hutoa maji na kuacha kovu lenye umbo la ua. Baya zaidi, mtu aliyekwisha kuikataa mara moja huenda akaikataa tena kila atakapotia nywele zake rangi yenye kemikali hiyo. Nimeshuhudia mikono ya namna hiyo na sikupenda kuitazama. Hina inamtaka mtu angoje, piko linamwambia asingoje, na ninajua ni lipi kati ya mawili ningempaka binti yangu.

Mkorogo nao hujipenyeza kwa mlango huohuo. Unachanganywa nyumbani, kwenye bakuli, na mtu wa mtaani anayesifika, kwa hiyo unafanana na ufundi huu. Haumo. Anayekoroga krimu tatu za kung'arisha ngozi hajui kilicho ndani ya hata moja, iwe ni zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za ngozi ambazo zinapaswa kuandikwa na daktari. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulizitaka nchi wanachama ziache ifikapo 2020 kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, na bado makopo yanapita. Somo, kwa upande wake, anaweza kukuambia jani limetoka mti gani na limechumwa lini. Hakuna kitu bakulini mwake ambacho hakijui. Na sijawahi kumsikia akimwahidi msichana ngozi ya mtu mwingine. Alichokuwa akitaka ni kuifanya ile aliyonayo ing'ae na inukie.

Ninachokihofia ni kipimo. Mambo haya hayajaandikwa, na mara nyingi hayaandikiki: sukari "mpaka ibadilike", ndimu "mpaka ikubali", uzi "mpaka usikie". Anayetaka kujifunza lazima akae karibu, mkono wake uguswe na mkono mwingine. Waswahili wametawanyika. Binamu yangu yuko Maskati, na sikukuu iliyopita alitaka kupika udi wake mwenyewe kwenye jiko la umeme, kwa sababu wa madukani huko, ingawa ni mzuri na wa bei, haunukii nyumbani kwao. Akampigia shangazi simu, amemweka kwenye spika, sukari imeshaanza kutoa povu.

"Shikamoo shangazi. Nusu kilo nimeiweka. Niitoe baada ya dakika ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Dakika sizijui. Washa kamera, unielekezee sufuriani, na uzime hilo feni nisikie."