Njoo Usiku, Ua Limefunguka!

Mwenzangu, sijalala! Macho yamevimba, mikono bado inanukia, chai yenyewe sijaigusa, maana nimetoka kwa shangazi Dodoma asubuhi hii, na nilichokiona uani kwake lazima nawe ukione. Lazima kabisa kabisa!

Ni ile kaktasi yake ndefu. Cereus, ndivyo wataalamu wanavyoiita, na kwao ni Amerika ya Kusini. Imesimama wima kama mlingoti, imeshalipita paa, ina rangi ya kijani iliyopakwa ubuluu kwa mbali, na mbavu zimejipanga toka chini hadi kileleni. Miaka yote nilikuwa naipita tu. Jana nimeigusa. Weee! Ngozi ya baridi, nyororo, inateleza kama mshumaa, na jua la Dodoma linawaka vile! Kila fungu la miiba limechomoza kwenye kitonge kidogo cha manyoya, laini kama pamba, ukipitisha kidole kwa adabu hakikuchomi. Ile miti yetu ya porini yenye umbo la kinara haina vitonge hivyo. Ile ukiikata inatoa utomvu mweupe wa kuunguza macho, si kaktasi hata kidogo. Hii inatoa ute wa maji, wa kuvutika. Kule kisiwani Curaçao wanaichemsha supu, inaitwa kadushi, inavutika kama mlenda! Mlenda, jamani, kama wetu wa Dodoma! Na bado!

Ua sasa. Magharibi tumba lilikuwa limefumba ndi, refu, nene, limeinamisha shingo. Tukatandika mkeka. Saa mbili ncha ikaachia. Saa tatu kijani cha nje kikaanza kujikunjua, na weupe ukachungulia, ukajirudi, ukachungulia tena, nakwambia ua lilikuwa linatetemeka mbele ya macho yangu! Saa nne limefunguka lote, pana kuliko kiganja changu, jeupe pe pe pe, katikati nyuzi mamia kwa mamia zimejaa chavua. Na harufu! Tamu, ya ubaridi, inakujia kidogokidogo mpaka unajikuta umesogea bila kujua. Nondo mmoja mnene akatumbukia ndani mzimamzima akatoka amepakaa unga. Kule Amerika ya Kusini hata popo huja kunywa. Halafu jua lilipochomoza, petali zikalegea, zikajifunga. Usiku mmoja tu! Nilitaka kulia.

Na bado! Shangazi kanikatia kipande, urefu wa mkono, tumekishika kwa magazeti yaliyokunjwa mara nne, nimekipakata garini kama mtoto. Ila akanikemea: “Usikipande leo, mwanangu! Kilaze kivulini wiki mbili, kidonda kikauke kikakamae, la sivyo kitaoza.” Basi kimelala hapa barazani, nakichungulia kila dakika. Chungu cha udongo chenye tundu kiko tayari, na mchanga wa mto, ule mkavu wa chengachenga, kokoto, udongo kiasi tu. Maji ndiyo yanayoiua kaktasi kuliko kiu! Ikishashika mizizi unamwagilia mpaka yatoke chini, kisha unaiacha ikauke kabisa, unachomeka kijiti, kikitoka na tope unangoja. Yenyewe inakuambia: ikinywa, mbavu zinatanuka, ikipata kiu zinajivuta, kama kodiani! Na mchana hufunga vitundu vyake vya kupumulia, hungoja ubaridi wa usiku ndipo ivute hewa. Hata pumzi yake ni ya usiku, ona!

Jua inalipenda sana, lakini izoeze taratibu. Ukiitoa kivulini ukaisimamisha juani ghafla inaungua, na lile doa la kahawia halifutiki maisha. Mabaki ya kaktasi, nakuomba, nakusihi, usitupe porini. Laikipia kule Kenya dungusi, jamaa yake huyu, amevamia malisho hadi wafugaji wanakosa pa kuchungia ng'ombe.

Ua langu litachukua miaka, najua, na nitangoja kwa furaha. La shangazi halingoji. Upande wa barabarani kuna tumba jingine, jana usiku lilianza kuvimba, na yeye anasema kesho kutwa ndiyo siku yake. Panda basi la asubuhi. Uje na kanga nzito, uani pale usiku pana baridi, na mkeka tutakuwekea nafasi.