Santuri za Mwanza na Haki ya Mwenye Sauti

Wakikutana watu wazima wa Mwanza, hasa wale ambao asili yao ni pwani, hayakosi mazungumzo ya santuri. Huyu hukumbuka duka la mjini, muuzaji akimpigia sahani moja moja kabla hajatoa pesa. Yule hukumbuka sindano iliyochakaa na mama aliyekataza watoto wasiguse. Husema sauti ya zamani ilikuwa na utamu, na watu nao walikuwa waaminifu zaidi. La kwanza silibishii. La pili lataka kuangaliwa.

Sahani hizo zilitoka mbali. Siti binti Saad ilimbidi avuke bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ndipo sauti yake itiwe katika santuri. Baadaye Nairobi ikawa na mitambo, bendi za Tanzania zikaenda kurekodi huko. Na Mombasa duka la Assanand likatoa taarabu kwa nembo ya Mzuri. Kwa mtu wa Mwanza, Nairobi haikuwa ng'ambo: meli mpaka Kisumu, kisha reli. Februari 1977 mpaka ukafungwa, na Jumuiya ikavunjika mwaka huohuo. Ulipofunguliwa mwaka 1983, kaseti ilikuwa imekwisha shika soko.

Sasa tazama ile karatasi ya duara katikati ya sahani. Ina jina la bendi, mara nyingi na la mtunzi, na namba ya kampuni. Wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya 1 upande huu na ya 2 upande wa pili, nawe ukainuka kuigeuza. Kila ukiigeuza, jina la mwenye kazi liko mbele ya macho yako. Kaseti ya kunakiliwa haikuwa hivyo. Muuzaji aliandika kwa kalamu neno "Mchanganyiko", basi, mtunzi kafutika.

Wala tusiipambe santuri. Wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu, nyimbo zao zikauzwa miaka na miaka. Jina kwenye karatasi si ujira mkononi. Lakini ni ushahidi, na mwenye kudai bila ushahidi ataanzia wapi?

Kuhusu hukumu ya muziki wenyewe, masheikh wameshasema na wataendelea kusema. Hapa nazungumza juu ya mali ya mtu.

Yule anayeililia santuri barazani, kesho utamkuta kibandani akijaziwa flashi nyimbo mia mbili kwa bei ya chai na maandazi. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, na COSOTA ipo. Bwana huyo akipunjwa kisado cha dagaa sokoni atapiga kelele mpaka watu wajae. Mwulize haki ya mwimbaji, atacheka: "Si amekwisha kufa?" Subhanallah! Sisi tunaogawa mirathi mpaka sudusi ya shamba la minazi, leo tumesahau kwamba maiti huacha warithi?

Wafaransa wametoa mfululizo wa Zanzibara tangu 2005. Juzuu ya pili ni taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, na kijitabu chake chawataja waimbaji. Ni kazi njema, nami naisifu, ila yanitia haya kwamba majina ya wazee wetu yamepangwa vizuri zaidi Paris kuliko katika makabati yetu.

Nyumba nyingi bado zina sahani uvunguni, zimepinda kwa joto au zimeshika vumbi, na wapo wanunuzi wanaozitafuta kwa hamu. Kuuza si kosa, ni mali yako. Ila kwanza ipanguse kwa kitambaa laini, usome ile karatasi, uandike daftarini bendi, mtunzi na namba. Na ukiwajua watoto wa mtunzi huyo, wawe Nyamagana, Tanga au Mombasa, wapelekee nakala ya ulichoandika kabla sahani haijaondoka.